Kivinjari cha Mtafiti na Mlango wa Maktaba

Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Pemba akikusanya data za lahaja huweza kufungua makala ya Research in African Literatures katika JSTOR akaambiwa hana ruhusa ya kuisoma, ilhali chuo chake kimekwisha kuilipia. Wengi hudhani kwamba maktaba haikulipa ada. Aghalabu sivyo. Tovuti ya mchapishaji haimtambui msomaji kwa jina lake. Hutambua anwani ya kompyuta katika intaneti, yaani zile namba nne zitenganishwazo kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Anwani zilizomo katika mkataba ni za chuo, na ya Pemba haimo. Hivyo mwenye haki hugeuzwa mgeni kwa sababu tu ya mahali alipoketi.

Dawa yake ni seva ya proksi: kompyuta ya chuo ihakikiyo nywila ya msomaji, kisha ikaliwasilisha ombi lake kwa anwani ya chuo. Mjadala uko katika namna ya kuifikia. Msomaji akitakiwa kuiandika mwenyewe katika mipangilio ya kivinjari, mawasiliano yake yote, hata habari za mpira, hupitia chuoni. Seva ikizimika, kivinjari kizima huonekana kimekufa. Faili la kuongoza proksi, lililoletwa na Netscape mwaka 1996, huchagua anwani zipi zipitie huko, lakini kazi ya kuliweka bado ni ya msomaji. Programu ya EZproxy, iliyobuniwa na Chris Zagar mwaka 1999 na kununuliwa na OCLC mwaka 2008, huandika upya viungo vyenyewe, na kivinjari hakiguswi.

Maktaba yenye uwezo wa kutumia njia hii ya mwisho haina sababu ya kumtwisha mtafiti kazi ya fundi. Isiyo na uwezo huo inawiwa angalau mwongozo wa Kiswahili, na hapa idara za Kiswahili haziwezi kukwepa lawama. Istilahi zipo: kivinjari, nywila, seva, kiungo. Ni ajabu kwamba wataalamu hubishana juu ya proksi na wakala, na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wanafunzi wao wenyewe usiandikwe. Ukiandikwa, usiache kueleza jinsi ya kuuondoa mpangilio huo baada ya masomo, kwani mhitimu aliyefutiwa nywila yake atabaki na kivinjari kisichofungua chochote.