Batri ya mbio si batri ya nyumba

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya batri.

Umeme ukikatwa, swali linalofika zaidi kwenye kipindi ni moja: ninunue batri gani ya kuwasha taa, kusikiliza redio na kuchaji telefone? Jibu langu ni hili: chagua batri kwa kazi yake. Usiichague kwa sababu namba iliyoandikwa juu yake ni kubwa, wala kwa sababu muuzaji amekuambia, "Mama, hii iko na nguvu sana, beba tu." Ndani ya nyumba, nguvu nyingi mno ndiyo hatari yenyewe.

Batri zinazowekwa leo kwenye meza za mafundi si za aina moja. Kuna za asidi, za pikipiki na za gari. Kuna seli za duara zilizotolewa ndani ya laptop. Halafu kuna pakiti bapa, laini, zilizofungwa kwa plastiki, zenye nyaya mbili nene na plagi ndogo ya nyaya nyembamba pembeni. Hizi za mwisho huitwa lipo. Zilitengenezwa kwa ajili ya magari ya telekomande yenye mbio na ndege ndogo zisizo na rubani. Fundi akizipata, huziuza kwa yeyote anayetaka mwanga, na hapo ndipo mimi sikubali.

Tuangalie kwanza kazi yake halisi, maana vijana wetu wanazipenda na wana haki ya kuzipenda. Watoto wa hapa wamezoea kuunda magari ya waya na makopo. Anayekua na akili ya ufundi atataka kutia mota. Seli moja ya lipo ina volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Ukiunga seli kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zinajumlishwa na gari linapata mbio. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki zilezile lakini gari linakimbia muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ya maandishi 2S, 3S, 4S: ni idadi ya seli zilizofuatana. Gari kubwa kama X-Maxx la kampuni ya Traxxas hubeba pakiti mbili za 4S zilizounganishwa kwa mfululizo. Jumla ni seli nane, karibu volti 30, na mtengenezaji anasema linapita kilomita 80 kwa saa. Hilo si toyi la mtoto mdogo.

Tena kuna namba yenye herufi C. Pakiti ya miliampere 5,000, yaani ampere 5 kwa saa moja, ikiandikwa 50C, mtengenezaji anadai inaweza kutoa ampere 250 kwa mara moja. Hata kama amezidisha nusu, bado ni moto mwingi sana. Taa ya LED ya wati 5 kwenye volti 12 haifiki hata nusu ampere. Kuwashia taa hiyo pakiti ya 50C ni kama kukodi lori la madini ili libebe ndoo moja ya maji. Na nyaya zikigusana usiku, lori zima linashuka juu yako: waya unakuwa mwekundu, plastiki inayeyuka, godoro linashika moto.

Ubaya wa pili ni kwamba pakiti nyingi za mbio hazina kadi ya ulinzi ndani yake. Batri ya telefone inayo. Ikikaribia kuisha, inajifunga. Pakiti ya gari haijifungi. Kinga yake imo ndani ya gari, kwenye kifaa kinachoongoza mota, na ndani ya chaja maalumu inayosawazisha seli moja moja kupitia ile plagi ndogo ya pembeni. Ukiitoa kwenye gari na kuiunga kwenye taa, umeacha kinga yote nyuma. Taa itanyonya mpaka seli zishuke chini ya volti 3, na hapo zinaharibika. Kesho yake unazichaji kwa chaja yoyote uliyonayo, moja inajaa kupita kiasi, nyingine bado. Inavimba. Ikivimba, usiitoboe na usiichaji tena.

Kijana anayeunda gari, namwambia haya. Kama gari linataka pakiti mbili, ziwe pacha: aina moja, seli sawa, miliampere sawa, umri mmoja. Mpya na ya zamani zikiungwa pamoja, ya zamani ndiyo inayoisha mapema na kuumia. Soma kwanza ni volti ngapi mota na kifaa chake vinaweza kupokea, ndipo ununue batri. Usianze na batri. Chaji kwa chaja ya kusawazisha, pakiti ya miliampere 5,000 kwa ampere 5, isizidi. Chajia nje ya chumba, juu ya sementi au ndani ya chungu, nawe ukiwa macho. Kama hulitumii gari kwa siku nyingi, usiache pakiti imejaa wala tupu. Kila seli ibaki karibu volti 3.8. Kwa masharti hayo, gari ni shule nzuri ya umeme, na mji huu wa viwanda unahitaji watu waliosoma umeme kwa mikono.

Sasa nyumba. Kama nguvu ya mfuko wako inafika, batri ya kutafuta ni ya lithiamu na fosfati ya chuma. Fundi ataijua kwa herufi LFP au LiFePO4. Seli yake ni volti 3.2, nne kwa mfululizo ni 12.8, zinaenda vizuri na taa na pano za jua za volti 12. Haitoi nguvu ya ghafla kama ya mbio, ni nzito zaidi kwa kiasi kilekile cha umeme, lakini inavumilia joto kuliko lipo na inakubali kuchajiwa mara elfu na zaidi. Uliza kama kadi ya ulinzi imo ndani. Kama fundi hajui, nenda kwa mwingine.

Kama haipatikani au bei inakushinda, batri ya asidi iliyofungwa bado ni rafiki wa maskini. Masharti yake ni mawili. Usiimalize, ikitumika nusu, ichaji, la sivyo itakufa mapema. Na usiichajie kwenye chumba kilichofungwa, kwa sababu ikichajiwa inaweza kutoa hewa inayolipuka.

Seli za duara za laptop zinahitaji macho. Zile ziitwazo 18650 ni milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Nzuri kabisa ina kama miliampere 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, umeonyeshwa uongo kwa wino. Seli ya kweli ina uzito wa karibu gramu 45. Ikiwa nyepesi mkononi kama kopo tupu, irudishe mezani.

Hapa kuna jambo linalonigusa kama mwana wa Likasi. Lipo nyingi na batri nyingi za laptop zina kobalti. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na kila siku tunaishi kati ya mashimo, viwanda na malori yake. Mwanasayansi John Goodenough na wenzake ndio walioonyesha mwaka 1980, kule Oxford, kwamba kobalti inafaa kwenye batri ya lithiamu. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2019. Lakini katika miaka ya 1990, maabara ya mzee huyohuyo, safari hii huko Texas, ilitoa ile ya fosfati ya chuma, isiyo na kobalti hata chembe. Basi mimi ninayeishi juu ya kobalti nakuambia: kwa chumba unacholala na watoto, chukua ile isiyo nayo. Heshima kwa udongo wetu haitudai tulale na hatari.

Najua jibu la wengi, hasa ndugu waliofika hapa na mizigo kichwani. "Shiye tulikimbia, hatuna na franka ya kuchagua." Nalisikia neno hilo na silidharau. Lakini ni hao ambao moto utawaumiza kuliko wote. Watu saba au nane kwenye chumba kimoja, turubai ukutani, mlango mmoja, na karatasi zote za familia ndani ya mfuko mmoja: moto wa batri hautaacha kitu cha kuanzia upya. Tena pakiti iliyochoka ya bei ndogo itakufa baada ya wiki chache, utanunua nyingine, na nyingine tena. Rahisi ni ghali.

Njia ipo, na watu wetu wanaijua tayari: likelemba. Familia nne au tano za parseli moja zikichanga kila wiki, zinaweza kupata batri moja nzuri na pano moja. Piga hesabu pamoja. Batri ya volti 12.8 na ampere 6 kwa saa ni kama wati 76 kwa saa moja. Taa tatu za wati 3 kwa masaa manne zinakula 36. Redio ndogo ya wati 2 kwa masaa matano inakula 10. Zinabaki 30 kwa telefone mbili. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mwacheni aifanye yeye, aandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Kwa mafundi nasema bila kuwavunjia heshima, maana bila ninyi mji ungekuwa giza: andikeni juu ya kila pakiti mnayouza ni ya aina gani, seli ngapi, na kama ina kadi ya ulinzi. Ya mbio isiuzwe kama ya taa. Kipande cha karatasi na kalamu havitawafilisi.

Na kwa viongozi wa mji na wa komini: tupeni mahali pa kupeleka batri zilizokufa. Leo zinaishia kwenye jalala ambako watoto wanachezea, au zinavunjwa ili kutoa risasi iliyo ndani ya zile za asidi. Majirani zetu walishalipa somo hilo. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sumu ya risasi ya batri. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kilitia sumu mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mama Phyllis Omido alipigana miaka mingi ili wasikilizwe. Sisi tusingoje mpaka tufike mahakamani.

Jioni hii, kabla ya kulala, fanya mambo matatu. Angalia kama batri yako imevimba au ina joto bila kazi. Kama ndivyo, itoe nje ya nyumba, mbali na kuta na turubai. Hamisha mahali pa kuchajia, pasiwe karibu na kitanda wala njia ya mlango. Weka ndoo ya mchanga karibu, na wafundishe watoto kwamba moshi wa batri ni sumu: ukianza, watu watoke kwanza, vitu baadaye.