Turathi za Chwele: Daftari latangulia jumba

MKULIMA anayechimba shimo la choo au kutoa udongo wa kufyatulia matofali katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Chwele, Kaunti ya Bungoma, hatafuti historia. Jembe lake likigonga kigae cha chungu chenye nakshi asizozitambua, au jiwe la kusagia lililolika kwa mikono ya watu waliokwisha kusahaulika, yamkini atakitupa kando na kuendelea na kazi. Watoto watakichezea, na mvua itakichukua.

Hasara hiyo huenda ikaonekana ndogo. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika kaunti jirani ya Busia umedhihirisha jinsi ilivyo kubwa.

Huko, katika vilima vya Chelelemuk karibu na mpaka wa Uganda, kuna pango la Kakapel, linalojulikana kwa michoro ya kale iliyo kwenye mwamba wake. Wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakishirikiana na wenzao kutoka vyuo vikuu vya Marekani, walichimba mahali hapo na kubaini kwamba binadamu walianza kupatumia takriban miaka 9,000 iliyopita. Matokeo yao yalichapishwa Julai 2024.

Kilichowashangaza wengi si dhahabu wala silaha, bali punje zilizoungua. Udongo uliotolewa shimoni ulimiminwa majini, nazo mbegu zilizogeuka makaa zikaelea na kuokotwa. Miongoni mwake ilikuwamo punje ya kunde, zao ambalo majani yake Waluhya huyaita likhubi, yenye umri wa takriban miaka 2,300. Huo ndio ushahidi wa kale zaidi uliopimwa moja kwa moja wa zao la kupandwa kufika Afrika Mashariki. Wimbi na mtama vilionekana katika tabaka za miaka ipatayo 1,000 iliyopita. Palipatikana pia njegere, zao ambalo halikudhaniwa kuwa sehemu ya kilimo cha kale cha eneo hili.

Kwa hivyo, mlo wa kawaida wa magharibi mwa Kenya una nasaba. Kunde zilitoka Afrika Magharibi, nao mtama asili yake ni kaskazini-mashariki mwa bara hili. Eneo ambalo vitabu vingi vya historia huliona kama kichochoro cha watu waliokuwa wakihamia kwingine lilikuwa njia panda ya mbegu na maarifa ya ukulima.

Funzo kuu la Kakapel ni kwamba punje ile ilipata thamani kwa sababu mahali ilipolala palijulikana: tabaka gani, kina kipi, na kando ya nini. Lau ingeokotwa na mpita njia na kutiwa mfukoni, isingewaeleza wataalamu lolote kuhusu maisha ya waliokaa pangoni. Hali ni iyo hiyo kwa kigae cha Chwele.

Si kwamba Bungoma haina kumbukumbu. Kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, kingali kinatajwa kila panapozungumziwa vita vya mwaka 1895 kati ya Wabukusu na majeshi ya Waingereza. Lakini hayo yalihifadhiwa kwa midomo ya wazee. Walioishi maelfu ya miaka kabla ya hapo hawana mzee wa kuwasemea. Shahidi wao ni udongo pekee.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa alipokipata. Sheria hiyo yasema pia kuwa vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali.

Hapo ndipo penye kizungumkuti. Mwenye nusu ekari anaposikia kuwa kilichomo shambani mwake ni cha serikali, huanza kuhofia shamba lenyewe. Kumiliki kitu na kumiliki ardhi ni mambo mawili tofauti, lakini hofu yake haikosi msingi, kwa kuwa sheria iyo hiyo humruhusu waziri kutangaza mahali kuwa eneo la kulindwa. Asipoelezwa tofauti hiyo mapema, atafukia alichokiona na kunyamaza.

Nchini Uingereza, ambako wakulima huibua sarafu na vyungu vya enzi ya Warumi mashambani, tatizo hilo lilikabiliwa kwa njia mbili. Sheria ya mwaka 1996 kuhusu hazina humtaka mvumbuzi kutoa taarifa katika siku 14, na makavazi yakikichukua kitu hicho, mvumbuzi na mwenye shamba kwa kawaida hugawana zawadi. Aidha, tangu mwaka 1997, maafisa walio karibu na wananchi husajili hata vitu visivyo hazina, kisha humrudishia mwenyewe. Zaidi ya vitu milioni moja na nusu vimeandikishwa.

Kenya haihitaji kuiga kila kitu. Lakini funzo la afisa aliye karibu halina gharama kubwa. Kwa mtu wa Chwele, makavazi ya umma yanayojulikana zaidi yako Kitale, katika kaunti nyingine. Yalianzishwa mwaka 1926 na mlowezi Hugh Stoneham, aliyeyaachia taifa mkusanyiko wake, na jumba la sasa likafunguliwa mwaka 1974.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la makavazi, huku minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ikibaki mikononi mwa serikali kuu. Bungoma basi ina mamlaka ya kuanza, hata kabla ya kujenga jumba. Kinachohitajika kwanza ni daftari katika ofisi ya chifu, walimu waliofunzwa kutambua kigae na jiwe lililochongwa, na wataalamu wa kufika shambani kabla shimo halijafukiwa. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho upande wa barabara ya Bungoma kuelekea Chwele, kinaweza kuwa mshirika wa karibu.

Juu ya yote, mkulima apewe ahadi iliyoandikwa, kwa lugha anayoielewa, kuhusu yale yatakayotendeka na yasiyoweza kutendeka kwa ardhi yake baada ya kutoa taarifa. Bila ahadi hiyo, zile siku saba zitabaki maandishi matupu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila msimu wa kulima unaopita Chwele bila daftari hilo unapunguza ushahidi ambao hakuna bajeti itakayoweza kuurudisha.