Fulana si likizo ya uzazi

Tunaandika kutoka Kakuma, na tuna hasira, mtusamehe.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Siyo huruma hiyo, ni sheria.

Lakini dada zetu wakimbizi, wakalimani, walimu, wahudumu wa afya, hawaitwi wafanyakazi. Wanaitwa "watu wa insentivu". Neno moja tu, na mshahara unageuka posho. Mwenzetu mmoja mkalimani alirudi kazini mtoto akiwa na wiki 6, maana aliambiwa nafasi yake wapo wanaoisubiri. Maziwa alikuwa anakamulia chooni. Choo cha shimo, na joto la Turkana mnalijua.

Mwezi uleule kampuni inayofadhili mradi huohuo ikaja na fulana, sabuni na mpiga picha, eti kusherehekea "mama shupavu". Naye akapigwa picha. Sabuni tulichukua, hatudanganyi.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, pesa ya fulana zile isingetosha pazia, mkeka na mama mmoja wa kulipwa awaangalie watoto? Tuliuliza, tukajibiwa bajeti haina kipengele hicho. Jamani, si bajeti mnaiandika nyinyi? Mkiketi tena kuiandika mtuite, tutakuja na watoto mgongoni.