Unaicheka Namba A? Shuka Kwanza Kwenye IST Yako Tuongee

Leo naomba tuwekane sawa kidogo.

Kuna staa mmoja wa kitambo, jina kapuni, wa kizazi kile cha kaseti na CD za kuchoma. Picha yake imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiwa anajaza mafuta kwenye Corolla yake ya miaka ya tisini. Namba A. Rangi imefifia kwenye boneti, taa moja ina ukungu, ila gari limesimama fresh na mwenyewe anacheka. Basi mkaanza. "Kafulia." "Muziki haulipi." "Ona alivyoishia kwenye mkweche."

Upande wa pili kuna dogo mmoja, naye jina kapuni, kila baada ya wiki mbili anaposti ndinga nyingine kali, namba imezibwa na emoji. Huyo mkammwagia mioyo na mioto. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini namba imezibwa. Wenye mji tunajua kwamba gari la kukodi nalo lina namba.

Mimi niko upande wa mwenye Corolla, na wala simwonei huruma. Sababu ninazo, tulia nikupe.

Tuanze na hiyo namba mnayoichekea. Hapa Bongo herufi za kwenye kibao zinaonyesha gari limesajiliwa lini nchini kwetu. Hazionyeshi limetengenezwa lini. Sasa hivi tupo namba E, na mtu akiwa na IST namba E anatembea kifua mbele mjini kama gari limetoka kiwandani jana. Toleo la kwanza la IST lilianza kuuzwa Japani 2002 na likaisha 2007. Piga hesabu mwenyewe. Gari limetembezwa na Mjapani miaka na miaka, limepanda meli, limeshushwa Dar, limekuja Mwanza kwa barabara, likapewa kibao kipya. Kwa umri wake lingekuwa mtu lingeshapiga kura.

Na hiyo Corolla unayoicheka, kama ni ile 110, ilitengenezwa mpaka 2000. Yaani Corolla ya 2000 na IST ya 2002 wamepishana kama mtu na mdogo wake. Halafu mdogo anamcheka kaka kwamba ni mzee!

Kwa hiyo suala la umri tuliweke pembeni, karibu wote tunaendesha magari ya zamani, tofauti ni kibao tu. Swali ni kwa nini watu wengine wakiikumbuka Peugeot 504 au Land Rover 109 macho yanalegea kabisa kama wanamkumbuka ex wao.

Wengi watakwambia ni muonekano. Bodi ya chuma, bampa la kung'aa, kioo cha kuzungusha kwa mkono, redio ya kaseti. Sawa, vyote vizuri. Ila mimi naona kikubwa ni kwamba gari la zamani lilikuwa LAKO. Ukifungua boneti unaiona injini. Unaona kabureta, unaona plagi, unaona waya unaotoka hapa kwenda pale. Likizima njiani kuna kitu unaweza kufanya. Na kama huwezi wewe, yupo fundi chini ya mwembe, mita mia tatu kutoka hapo, anaweza.

Nenda gereji za Nyakato au Igoma ukae nusu saa tu. Utamkuta fundi mzee hajashika daftari tangu darasa la saba. Anamwambia dereva "piga resi", anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema plagi moja haichomi. Wanaifungua, kweli haichomi. Pembeni yake kuna madogo wanne wa umri wangu, wamemaliza kidato cha nne kama mimi, matokeo yaliwakataa, wanamshikia spana na kujifunza kwa macho. Ile ndiyo shule yao. Gari la zamani limesomesha vijana wengi wa huu mji bila ada.

Sasa leta mkoko wa kisasa, wa kubonyeza kitufe, wenye sensa kila kona. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi anapiga resi, anasikiliza, hasikii kitu. Inabidi aitwe mwenye mashine ya kusoma gari. Mashine ikisema kontroli boksi imekufa, wote mnashika kiuno. Spea inaagizwa Dar, gari linalala gereji wiki mbili, wewe unarudi kwenye boda. Shemeji yangu mmoja alinunua haibridi kwa mbwembwe zote, betri kubwa ikafa, na aliyemuuzia akawa hapokei simu. Aliishia kuliuza kwa bei ya kutupa. Kila akipanda haisi anakaa siti ya nyuma kabisa asionekane.

Halafu kuna vituko vidogo vidogo mnavyovivumilia kimya kimya. Skrini inakusalimia Kijapani kila asubuhi na hujui inakutukana au inakuombea dua. Redio imetengenezwa kwa masafa ya Japani, kule FM yao inaanzia 76 na kwa miaka mingi iliishia 90, kwa hiyo nusu ya stesheni za Mwanza huzipati mpaka ununue kidude cha kuongezea masafa. Funguo ikipotea, fundi funguo wa barabarani anatikisa kichwa tu. Gari lako, ila kuliingia unaomba ruhusa.

Ushahidi mwingine nenda kauone stendi. Waulize madereva wa michomoko wanaokimbiza abiria Sengerema na Geita. Tangu Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi lizinduliwe Juni 19, 2025, hakuna tena kisingizio cha foleni ya kivuko, ni mwendo tu. Wengi wao wana nini? Probox. Sio kwamba hawajui magari mazuri. Hawa watu gari likilala siku moja nyumbani hakuna hela ya kula, kwa hiyo wamechagua gari ambalo kila fundi analijua na spea iko dukani. Na injini ya Probox zile za mwanzo ni ileile 1NZ au 2NZ iliyopo kwenye IST. Eeh, IST yako nayo iko njiani kuwa mzee wa heshima. Siku ikifika usilie.

Wakubwa nao wanalijua hili. Land Cruiser za mkonga, zile za familia ya 70, zilianza kutengenezwa 1984 na mpaka leo zinauzwa mpya, nyingi zikiwa na injini ya dizeli ya 1HZ ambayo pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika, haihitaji kompyuta kuchoma mafuta. Ndiyo maana utaziona kwenye hifadhi na kwenye gari za wagonjwa za vijijini. Gari likikufia katikati ya Serengeti huna pa kuchomeka mashine.

Tena sisi Watanzania gari tukilipenda tunalipa jina. Kipanya, shangingi, mkonga. Harrier tumeiita tako la nyani, na mwenye nalo anajibu bila aibu. Hata polisi wakija na Land Cruiser mtaani watu wanapiga kelele "difenda hiyoo!" Difenda ni Land Rover, ile ya zamani iliyoacha kutengenezwa Uingereza Januari 2016. Gari limeondoka kazini, jina limebaki kazini. Niambie kuna ndinga gani ya leo ya skrini kubwa ambayo jina lake litabaki mdomoni kwa watu hivyo?

Na msidhani ni sisi mafukara tu tunaojifariji. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, wakipania kuivunja rekodi ya Ujerumani ya msafara wa Land Rover 632. Watu walizitoa mashambani, mbugani na uani kwa babu. Bodi zake nyingi ni za aluminiamu, hazili kutu kama bati, ndiyo maana mzee wa miaka hamsini anaamka na kutembea.

Ukitaka stori yenyewe hasa, rudi Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikarudi ikashinda 1966, 1967 na 1968. Baadaye 504 ikachukua 1975 na 1978. Ndiyo maana wazee wetu waliiheshimu, waliiona inapigwa matope na kokoto za huku huku na inafika. Lakini mimi namkubali zaidi Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi magari. Mwaka 1965 alishinda na mdogo wake Jaswant, na Volvo waliyoiendesha ilikuwa ya mtumba. Wenzao wa viwanda walikuja na magari mapya. Yeye alikuja na gari analolijua mpaka nati ya mwisho.

Sasa kabla hamjanishukia, na najua mtanishukia, niseme upande wa pili.

Magari ya zamani mengi hayana mito ya hewa, mengi hayana breki za ABS. Ukigonga, usukani unakusubiri kifuani. Mwanza hii ya kupanda Bugando na kushuka Isamilo, breki ikichoka hakuna nostalgia itakayokuokoa. Wengine mnapaki mlimani na jiwe nyuma ya tairi, na bahati nzuri mawe huu mji hauna uhaba, ila hiyo sio hendibreki. Mafuta nayo, kuna mikweche inakunywa kama ina harusi. Na oili chafu inayovuja au kumwagwa mtaroni inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, kwenye maji tunayokunywa na sato tunaokula.

Ndiyo maana majirani waliweka ukomo. Kenya hawaingizi gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 wamekataza yaliyozidi 15. Sisi hatujakataza, ila gari likiwa na umri mkubwa linaongezewa ushuru. Sina ugomvi na hilo. Serikali ina haki ya kujali mapafu na maisha ya watu.

Kwa hiyo msininukuu vibaya. Sisemi kila mkweche ni urithi. Gari lisilo na mkanda, lenye tairi zimeisha mpaka waya unaonekana, hilo ni jeneza lenye redio. Kuna washikaji wanaweka rimu na mziki mnene kwenye Mark II huku breki zinalia. Mwanangu, anza na breki, mkanda na tairi. Mziki utasikia ukiwa hai.

Ninachosema ni hiki: tusinunue gari kwa ajili ya macho ya watu wa Insta. Nawajua vijana wa hapa hapa waliochukua mkopo kwa ajili ya ndinga ambayo mafundi wote wa Mwanza wanaiogopa. Gari limesimama uani limefunikwa turubai, marejesho yanaendelea kila mwezi. Mwenye Corolla namba A yeye hana deni, fundi wake anamjua kwa jina, na asubuhi linawaka. Sasa hapo nani kafulia?

Na kwenu madogo wa gereji. Magari ya kina babu hayatadumu milele, tusidanganyane. Hizo IST, Probox na ndugu zao ndizo zitakuwa wazee wa kesho, na hizo zina kompyuta. Kuna kifaa kidogo kinachomekwa chini ya usukani, kinaongea na simu yako kwa Bluetooth na kukusomea tatizo. Changeni mnunue. Mwenye nafasi aende VETA akajue umeme wa magari. Mkimwachia mwenye mashine mmoja mji mzima, atawapangia bei, na ile shule ya chini ya mwembe itafungwa bila tangazo.

Wewe unayetaka kununua gari mwaka huu, kabla hujamtumia dalali hela, uliza maswali matatu. Fundi wa mtaani kwako anaijua hiyo injini? Spea zake zipo Mwanza au mpaka Dar? Na je, ungelinunua hata kama usingeruhusiwa kuliposti? La tatu ndilo litakalowatoa wengi jasho.

Haya, uwanja ni wenu. Ndinga gani ya zamani ukiisikia tu mlio wake unamkumbuka mtu? Dondosha kwenye komenti, Peugeot ya babu, Land Rover ya mission, haisi ya shule, zote zinaruhusiwa. Na wewe dogo wa namba ya emoji, tunakusubiri. Ifunue tu, hatutasema kitu.