Nani Anawahesabu Majeruhi wa Shambani?



Katika mazishi ya mkulima aliyeangukiwa na trekta hakosi mtu wa kusimama na kusema kwamba ajali haina kinga. Husemwa kwa nia njema ya kuwafariji wafiwa. Lakini msemo huo umerudiwa mno hata umekuwa mlango wa kutorokea kwa wale wanaopaswa kujibu. Maana kinga ipo. Nchini Sweden, baada ya vifo vya madereva waliopondwa na matrekta yaliyopinduka kujulikana idadi yake, serikali iliagiza mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Vifo vya namna hiyo vikapungua hata karibu kutoweka. Kabla ya chuma hicho kilitangulia kitu kimoja: hesabu.

Sisi Tanzania hesabu hiyo, iliyo wazi kwa kila mtu, hatunayo. Na hali Shirika la Kazi Duniani linakiweka kilimo, pamoja na ujenzi na uchimbaji madini, katika kazi tatu za hatari kuliko zote. Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003, ile ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008; Mfuko wa Fidia ulianza kazi Julai 2015, na leo mwajiri aweza kuutaarifu juu ya ajali kwa njia ya intaneti. Hatubezi hatua hizo. Hata hivyo taarifa hiyo ni ya mwajiri na Mfuko; si daftari ambalo mwanakijiji anaweza kulifungua akasoma ni mashine gani inayowakata watu mikono katika wilaya yake. Tena mlango wa sheria hizo ni mwajiri. Mama anayelima ekari 2 za familia yake hana mwajiri. Kijana anayepukuchua mahindi ya jirani kwa ujira wa debe moja ana mwajiri wa nusu siku, asiye na karatasi. Na mtoto aliyepigwa pembe na ng'ombe wa plau, ataandikwa na nani?

Mtatujibu kwamba zahanati itamwandika. Ni kweli, ataandikwa katika vitabu vya MTUHA: mfupa uliovunjika, kuungua, sumu, kung'atwa na nyoka. Lakini ripoti hujumlisha majeraha, wala haisemi pawatila, wala shafti isiyo na kifuniko iliyonasa kitenge cha mama, wala dawa ya wadudu iliyomiminwa katika chupa ya soda. Aliyekata roho shambani kabla ya kufikishwa zahanati hayumo kabisa.

Msidhani nchi tajiri zimepona ugonjwa huu. Nchini Marekani, uchunguzi wa serikali wa majeruhi kazini huyaacha nje mashamba yenye wafanyakazi chini ya 11, yaani sehemu kubwa ya mashamba ya familia. Watafiti wa mji wa Marshfield, jimbo la Wisconsin, walifungua mwaka 2015 daftari la wazi katika intaneti, liitwalo AgInjuryNews. Hukusanya habari za magazetini na matangazo ya vifo, wakaeleza mahali, umri na chombo kilichodhuru, na mtu yeyote husoma bila malipo. Lina upungufu wake, kwani gazeti huandika kifo upesi kuliko kidole kilichokatika. Lakini hakuna gazeti duniani lenye mwandishi katika kila kundi la nyumba kumi, na jumuiya zetu ndogo ndogo zinakaribia sana hapo. Kwa habari hii maskini wana utajiri ambao Marshfield haina.

Kwa hiyo tunaitaka Wizara ya Kilimo, pamoja na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wafungue daftari la namna hiyo, linalopokea taarifa hata kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, na linalosomwa na wote. Majina ya majeruhi yasiwekwe; aibu ya mtu si mali ya umma. Yatosha mwezi, kata, umri, kazi iliyokuwa ikifanywa, chombo, na jeraha.

Watakuwapo wenye mashamba makubwa na wauzaji wa mashine watakaolalamika kwamba tunawaharibia sifa. Torati ilikwisha kulikata shauri hilo: mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo hulipa. Hakuulizwa habari ya sifa yake. Nasi hapa tunasema juu ya binadamu, si ng'ombe wala punda.

Wala tusiikalie serikali tukingoja. Tunawaomba makatibu wa jumuiya waanze msimu huu wa mavuno, kwa daftari la kawaida la shule. Ajali ikitukia, iandikwe juma lile lile, kabla masimulizi hayajageuka. Na chombo kitajwe kwa jina lake, si "mashine" tu. Padre anapojaza kitabu cha mazishi aulizwe kama marehemu alipatwa na mauti kazini. Kila robo mwaka nakala ipelekwe kwa afisa kilimo wa kata, naye atie sahihi na tarehe ya kupokea.