Virusi visivyotishwa na maji ya kuchemka

Tangu utotoni tumefunzwa kuwa moto ndio askari wa nyumba. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe huchemshwa. Maji ya mtoni huchemshwa. Chupa ya mtoto hutokoswa. Hakuna anayehoji, maana viini vya maradhi vikikutana na moto hukata roho, na mwenye kukaidi hujua malipo yake: kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu.

Basi utasemaje ukiambiwa kuwa hapa hapa duniani kuna virusi vinavyostarehe katika maji ambayo ukitumbukiza kidole utakitoa kimebabuka? Na je, habari hii ina maana kwamba sufuria yako ya maji ya kunywa haina kazi? Tulitazame jambo hili polepole, kwa sababu habari nusu nusu huweza kumdhuru mtu kuliko kutojua kabisa.

Kwanza tuwajue wenyeji wa maji hayo. Kwa miaka mingi wataalamu waligawa viumbe vyote katika mafungu mawili. Fungu moja ni letu sisi, pamoja na wanyama, mimea na kuvu. La pili ni la bakteria. Mnamo 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitangaza kuwa kuna fungu la tatu, ambalo leo huitwa arkea. Ukizitazama arkea kwa hadubini utadhani ni bakteria, lakini ukichunguza chembechembe zake za urithi utaona ni ukoo mwingine kabisa. Ni kama watu wawili sokoni wanaofanana sura, lakini ukiwauliza habari za kwao unakuta hawana hata babu mmoja wa karibu.

Baadhi ya arkea hupenda joto jingi. Mojawapo ni Sulfolobus, ambayo Thomas Brock na wenzake waliieleza mwaka wa 1972 baada ya kuipata katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Kiumbe hiki hustawi katika joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, tena katika maji yenye asidi kali. Kwake maji ya uvuguvugu ni baridi ya kuua hamu ya kula.

Sisi Wakenya si wageni wa chemchemi za moto. Aliyefika Ziwa Bogoria ameyaona maji yakiruka na mvuke ukitanda, na pengine ameona watu wakichemshia mayai papo hapo. Hata hivyo, maji ya Bogoria ni ya magadi, ilhali virusi tunavyovizungumzia leo hutaka maji ya asidi. Kwa hivyo usivitafute huko.

Virusi navyo vilijulikanaje? Kuanzia mwanzo wa miaka ya themanini, mtaalamu wa Ujerumani Wolfram Zillig na wenzake walikusanya maji na matope ya chemchemi za moto, hasa kule Iceland, wakawa wanachunguza yaliyomo. Walikuta virusi vyenye maumbo ambayo hayajapata kuonekana. Wengi wetu tumezoea picha ya virusi vya duara vyenye miiba. Hivi vya maji moto vingine ni kama fimbo, vingine kama uzi, vingine kama chupa, na vingine vina umbo la ndimu iliyochongoka kwenye ncha zake.

Chukua mfano wa kimoja cha umbo la ndimu kiitwacho SSV1, kilichopatikana katika arkea ya chemchemi za Beppu, Japani. Kirusi hiki hujipenyeza na kujishona katika urithi wa mwenyeji wake, kisha kikatulia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hukaa vizazi na vizazi bila kushika jembe. Mwenyeji akipigwa na miale mikali ya urujuanimno, ndipo mgeni huamka na kuzaana. Hata hapo, kwa kawaida virusi vipya hutoka bila kumuua mwenye nyumba. Ukifikiri utaona kuna busara ndani yake. Nje kuna moto na asidi, na mwenye akili hachomi nyumba pekee inayomsitiri.

Si vyote vilivyo na adabu hiyo. Viko ambavyo vikishazaana ndani ya Sulfolobus hujenga juu ya ngozi yake vijinara vyenye pande saba, mfano wa piramidi za Misri ingawa zile zina pande nne. Wakati ukiwadia, vijinara hivyo hufunguka kama ua linalochanua, virusi vikamiminika nje, na mwenyeji akabaki ganda tupu. Jambo hili lilielezwa mwaka wa 2009, na hakuna virusi vya binadamu vinavyojulikana kutoka kwa njia hiyo.

Kioja kikubwa zaidi kilitoka Pozzuoli, karibu na mji wa Naples, Italia, mahali ambapo ardhi hufuka moshi wa salfa. Mwaka wa 2005 watafiti walieleza kirusi kilichotoka katika chemchemi ya huko yenye joto la karibu nyuzi 90 na uchachu unaoshinda wa ndimu. Hutoka kwa mwenyeji wake kikiwa na umbo la ndimu. Kisha, kikiwa peke yake ndani ya maji, huota mikia miwili, mmoja kila upande. Wataalamu walikuwa wamezoea kuamini kuwa kirusi kikiwa nje ya seli ni kama mbegu kavu ghalani, hakifanyi lolote. Hiki hukua bila mwenyeji na bila chakula, mradi joto lipite nyuzi 75. Maji yakipoa, mikia haioti.

Huenda unajiuliza mbona haviivi kama yai. Yai huganda kwa sababu protini zake hufumuka kwa joto, zikashikana ovyo. Protini za virusi hivi zimekunjwa na kukazwa barabara, kama kamba iliyosukwa na fundi, hata joto lisipate pa kuzifumulia. Mwaka wa 2015 watafiti walionyesha kuwa katika kimoja cha virusi vya umbo la fimbo, DNA yenyewe imejisokota kwa mtindo mwingine, mfupi na mnene, huku protini zikiizingira pande zote. Kwa njia hiyo urithi wake husalimika.

Sasa turudi jikoni. Je, uache kuchemsha maji? La, hasha! Kirusi ni mfano wa ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja. Virusi hivi vimechongwa kwa arkea za maji moto, na katika mwili wako wenye nyuzi 37 havina kufuli la kufungua wala joto la kuvifaa. Isitoshe, hadi leo hakuna arkea hata moja iliyothibitishwa kumletea binadamu ugonjwa. Lakini viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya polio na vya homa ya ini vinavyoenezwa na maji, vyote vimezoea ubaridi wa mwili wetu. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 au 95 badala ya 100, na hata joto hilo huviangamiza vyote. Yaache maji yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, na usichote kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

Ila tusiusifu moto kupita kiasi. Mbegu za viini vya pepopunda huweza kuvumilia maji yanayochemka, na ndiyo sababu hospitali hutia vyombo vya upasuaji katika mitambo ya mvuke wenye nyuzi 121. Vilevile moto hauondoi floraidi wala sumu za dawa za shambani.

Najua kuna atakayesema, "Hawa wazungu wana pesa za kuchezea, kufukuzia vidudu vya volkeno ilhali watoto wanaugua malaria." Huyo nampa kisa kimoja. Yule Brock wa Yellowstone, pamoja na mwanafunzi wake Hudson Freeze, walieleza mwaka wa 1969 bakteria mmoja wa maji moto aitwaye Thermus aquaticus. Wakati huo haikuonekana faida yoyote. Miaka ilipopita, kimeng'enya cha bakteria huyo, kwa kuwa hakiharibiwi na joto, kikawa mhimili wa kipimo cha PCR, kilichomletea Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. Kwa kipimo cha namna hiyo, mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi hupimwa mapema, akaanzishiwa dawa kabla hajadhoofika. Mwaka wa 2020, dunia nzima ilikitegemea kutambua wagonjwa wa korona. Maji yaliyodhaniwa kuwa ya kutazamwa na watalii tu yameokoa watoto ambao mama zao hawajapata kusikia jina la Yellowstone.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, mtoto akija nyumbani na swali linaloonekana la kipuuzi, kama vile "ni nini kinaishi ndani ya maji ya moto?", usimfukuze. Mketishe, mjibu unavyoweza. Kisha mtume akatazame kama maji ya kunywa yamekwisha kuchemka.