KIKASHA CHA RISASI KINAPOGOMA KUTOKA

Chuma hakina rafiki pwani. Kuanzia Likoni hadi Vanga, kila mwenye jembe, baiskeli au nyumba ya mabati ajua jinsi pepo za kusi zinavyobeba chumvi kutoka baharini na kuituliza juu ya kila kitu. Bawaba ya dirisha huko Diani hugoma upesi kuliko ile ya Kinango, ijapokuwa zote mbili zilinunuliwa duka moja siku moja. Mwenye bawaba iliyogoma huigonga kwa nyundo, nayo ikivunjika hasara yake ni shilingi chache. Lakini kifaa kikigoma katika bunduki, nyundo hiyohiyo yaweza kumtoa mtu roho.

Bunduki ambayo taabu hii huipata zaidi ni ile ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ambayo wengi waliijua kwa namba yake tu, 303. Ndiyo waliyoibeba askari wa KAR katika vita vya 1939 hadi 1945, na baada ya uhuru wa 1963 iliendelea kuonekana kwa miaka mingi mikononi mwa polisi wa akiba na askari wa wanyama. Kikasha chake huchukua risasi kumi, na kishikizo cha kukifungulia kimo ndani ya tao la chuma linalokinga kifyatulio, upande wa mbele. Akibonyeza kishikizo, mwenye kusafisha hutazamia kikasha kishuke mkononi mwake. Mara nyingine hakishuki.

Waliozoea bunduki za siku hizi, ambazo kikasha kitupu huchomolewa na kingine kilichojaa kupachikwa, hudhani kwamba 303 nayo yaenda hivyo. Sivyo. Askari alifundishwa kuijaza kutoka juu, risasi tano tano, kikasha kikiwa mahali pake. Nacho hakikutolewa ila kwa kusafishwa. Basi, kifaa kilichokusudiwa kutolewa kwa nadra kikipita miaka kadhaa bila kuguswa, mafuta yake yakagandamana na vumbi, na chumvi ikazaa kutu katika kamani ya kishikizo, si ajabu kikishikamana na mwili wa bunduki.

Bunduki za zamani zaidi zina kifungio cha pili. Mwaka 1888, jeshi la Uingereza lilipoipokea bunduki ya kwanza ya ukoo huu, Lee-Metford, wakubwa waliogopa kwamba askari akipewa risasi nyingi kwa pamoja atazimaliza ovyo. Kwa hiyo liliwekwa bamba jembamba la chuma upande wa kulia, ambalo likisukumwa ndani hukifunika kinywa cha kikasha. Risasi zikabaki chini yake kama nafaka ghalani, na askari akapakia moja moja kwa mkono mpaka aamriwe kuifungua akiba yake. Hata kikasha chenyewe kilifungwa kwa pete ya mnyororo kisipotee. Vita vya 1914 vilipokuja, na viwanda vikatakiwa kutoa bunduki nyingi kwa haraka, bamba hilo lilionekana ni kazi bure. Mwaka 1916 zikaanza kutengenezwa bunduki zisizokuwa nalo. Uwekaji wa akiba uliachiwa mafunzo ya askari.

Lakini bunduki zilizokwisha kutengenezwa hazikufa, na hapa ndipo ilipo hatari. Bamba lililoshikwa na kutu likiwa limefungwa humdanganya mtu. Mwenye kusafisha hufungua bolti, hutazama ndani, haoni risasi, akasema, "Ni tupu." Kumbe chini ya bamba zimelala risasi kumi. Bamba likilegea kwa mafuta na kwa kusukumwasukumwa, bolti inayorudishwa mbele husukuma risasi moja ndani ya kasiba, na bunduki iliyoitwa tupu sasa imejaa.

Yako na makosa ya upande wa pili. Kikasha kikikubali kutoka, mtu hufurahi akadhani kazi imekwisha, asikumbuke kwamba risasi moja yaweza kuwa imekwisha kuingia katika kasiba tangu zamani. Kutoa kikasha si kuondoa risasi. Kadhalika, kikasha kilichogoma si dalili kwamba hakina kitu.

Kwa sababu hiyo, aliye na ruhusa ya kuishika bunduki hana budi kufuata utaratibu mmoja kabla hajagusa kifungio chochote. Kwanza aelekeze mdomo wa bunduki mahali ambapo risasi ikitoka haitadhuru. Ukuta wa udongo na fito hauzuii risasi, na jiwe la matumbawe lililojaa mwambao huu huweza kuirudisha upande usiotazamiwa. Rundo kubwa la mchanga ndilo lililo salama. Pili, kidole kikae mbali na kifyatulio. Tatu, bamba likiwapo na likikubali, livutwe nje, kisha bolti ivutwe na kurudishwa mpaka risasi zote zitoke juu moja moja, zihesabiwe na kuwekwa mbali. Zaweza kufika kumi na moja: kumi za kikasha na moja ya kasiba. Mwisho atazame kwa macho, kisha apapase kwa kidole ndani ya kasiba, maana gizani jicho husadiki upesi. Ikiwa bamba limegoma likiwa limefungwa, au bolti yenyewe haiendi, kazi ya mwenye bunduki imekoma hapo. Bunduki hiyo ihesabiwe kuwa imejaa mpaka fundi wa silaha aipokee na kuambiwa hivyo waziwazi.

Bunduki iliyohakikishwa kuwa tupu, dawa yake ya kwanza ni mafuta mepesi ya mashine, matone machache penye kishikizo na pembeni mwa kikasha, na dawa ya pili ni usiku mzima wa kungoja. Mafuta hupenya polepole katika kutu, hayaendi kwa amri. Asubuhi kishikizo kibonyezwe na kikasha kivutwe kwa mkono. Kikizidi kukaidi, kigongwe taratibu kwa kipande cha mti, wala si kwa chuma. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa kuwa hugeuka utomvu. Moto nao hukataliwa, maana kamani ikipashwa sana hupoteza nguvu yake. Tupa na patasi ndizo mbaya kuliko zote: midomo ya kikasha ikipindwa kidogo tu, risasi hazitapanda sawasawa tena, na bunduki itagoma siku ambayo mwenyewe anaihitaji.

Yafaa kujua kwamba chumvi haiji kutoka baharini peke yake. Risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki ambazo zikilipuka huacha ndani ya kasiba chumvi inayovuta unyevu. Ndiyo sababu askari wa zamani walimimina maji ya moto katika kasiba baada ya kulenga shabaha, wakakausha, kisha wakapaka mafuta. Aliyepaka mafuta bila kuosha aliifunika chumvi tu.

Pwani hii iliwahi kuona kwa macho ushindani wa maji ya bahari na silaha. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, si mbali na mpaka wa Vanga. Meli ilipigwa mizinga, lakini shehena nyingi za bunduki na risasi ziliokolewa. Risasi zilikuwa zimeloa maji ya chumvi. Wajerumani hawakuzitupa wala hawakuzipeleka vitani vivyo hivyo. Walizifungua, wakakausha baruti, wakazifunga tena, kazi ya subira iliyochukua muda mrefu. Adui zao walipambana na matunda ya subira hiyo katika vita vilivyofuata.

Subira hiyo haina maana kwamba kila mtu ni fundi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yataka kila mwenye bunduki awe na cheti, na afanyaye biashara ya kutengeneza silaha awe ameandikishwa. Fundi wa baiskeli wa Ukunda au mhunzi wa Msambweni, hata akiwa hodari namna gani, hana haki ya kuipokea bunduki ya mtu mezani pake. Bunduki ya serikali hurudishwa katika ghala la silaha ilikotoka. Mkulima wa kandokando ya Shimba Hills ambaye nguruwe au ndovu wameharibu mihogo yake, naye akakumbuka bunduki yenye kutu iliyoachwa na marehemu babu yake, asihangaike na kishikizo chake. Uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Habari za wanyama waharibifu hupelekwa kwa idara ya wanyama, na bunduki isiyo na cheti kwa polisi. Asiibebe njiani. Awape habari kwanza, waje kuichukua wenyewe.

Hili si jambo dogo kwa watu wa kusini. Mwezi wa Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Wiki zilizofuata watu wengi walipoteza maisha na wengine wakahama makwao. Waliopitia siku zile wajua kwamba bunduki moja isiyojulikana iliko yatosha kuunyima mji mzima usingizi.

Kikasha kilichogoma chaweza kungoja hadi kesho, hata hadi wiki ijayo, na hakuna atakayedhurika kwa kungoja huko. Mwenye haraka na afungue madirisha ya Diani.